Maharage ya Njano na Ndugu Zake wa Kijani

Tangu nistaafu nimekuwa mtu wa kuchungulia balkoni za watu. Nikipita njiani nikaona jani limepauka kwenye chungu cha jirani, nasimama. Mke wangu anasema siku moja nitaitiwa polisi. Ni ugonjwa wa kazi tu: miaka yote niliyokaa kwenye serre, zile nyumba zetu za vioo pale chuo kikuu, nililipwa kutazama majani kwanza, watu baadaye. Nyinyi vijana mliochukua nafasi yangu mmeniomba niandike jinsi tulivyofanya kazi zamani. Mashine mnazijua kuliko mimi, kwa hiyo sitazigusa. Nitasema kidogo jinsi nilivyoingia, halafu niwaeleze kesi moja ya maharage iliyonikosesha usingizi.

Niliingia mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimetoka Lubumbashi na diploma ya kilimo ambayo hapa Bruxelles kila ofisi iliitazama kama tiketi ya basi la jana. Mkuu wa serre alikuwa Monsieur Armand, mzee mrefu mwenye vidole vyeusi vya udongo ambavyo hata Jumapili havikutakata. Siku ya kwanza hakuniuliza diploma wala nini. Alinipa mmea mmoja wa mahindi uliokuwa kwenye ndoo ya udongo, beseni la maji, na brashi laini ya kuchorea, akaniambia nioshe mizizi bila kukata hata mmoja. Nikadhani ni utani wa kumpokea mgeni. Nilimaliza jioni, mgongo umekufa, na mizizi miwili mitatu ilikuwa imekatika. Akauinua ule mmea kwenye mwanga, akautazama kwa muda mrefu, akasema kwamba watu wengi wanafanya kazi na mimea hadi uzeeni bila kuuona mmea mzima hata mmoja. Kisha akavaa kofia akaenda zake, na mimi nikabaki kupangusa sakafu.

Kutoka kwake nilijifunza kusoma majani. Jani la chini likianza kuwa njano, la juu bado kijani, mmea una njaa ya naitrojeni, unajila wenyewe kutoka chini. Jani changa la juu likiwa njano huku mishipa yake ikibaki kijani, ni chuma kimekosekana, na ukimpa chuma anarudi. Lakini mara moja moja unaona mche umetoka ardhini njano tangu jani la kwanza, wote sawasawa, mfano wa karatasi iliyokaa juani. Huyo umpe chuma, umpe mbolea, umwombee, atabaki hivyo hivyo. Jeni yake moja imebadilika, na kiwanda cha rangi ya kijani ndani ya jani hakifanyi kazi inavyotakiwa. Mkulima akimwona anamng'oa. Sisi tulikuwa tunamwekea kibao cha jina.

Vifaa vyetu vilikuwa vya kuchekesha. Kutazama mizizi tulitumia visanduku vyenye upande mmoja wa kioo. Tulivilaza kwa mshazari ili mzizi ushuke ukikigusa kioo, tukavifunika kwa kitambaa cheusi, maana mzizi haupendi kutazamwa mchana. Kupandikiza, yaani kuweka kichwa cha mche mmoja juu ya mzizi wa mwingine, tulitumia wembe wa ndevu na vipande vya mpira wa vali ya baiskeli. Fundi wa baiskeli wa jirani alidhani nina baiskeli ishirini nyumbani.

Sasa kesi yenyewe. Katikati ya miaka hiyo alifika kijana wa Bukavu, kule Kivu, jina lake Bahati, kufanya shahada ya udaktari ya jenetiki. Alikuwa mpole, mrefu, msomi kweli, na alinisumbua kwa maharage. Mimi mtu wa Katanga nimelelewa na bukari, ugali wetu. Kwetu majani ya maharage tuliwaachia mbuzi. Yeye aliniambia kwao ni mboga ya wageni, na kwamba Lubumbashi hatujui kula. Tulitaniana hivyo kila asubuhi mpaka Monsieur Armand, ambaye hakujua neno la Kiswahili, akadhani tunagombana na akataka kututenganisha.

Bahati alikuja na mbegu kutoka shamba la shangazi yake, za mashina yaliyokwisha kuzaa miche ya njano. Katika shamba lile, karibu kila msimu, ilikuwa inatoka miche michache ya njano, na aliyeing'oa alikuta mizizi yake mifupi. Njano na ufupi vilitembea pamoja daima. Swali la Bahati lilikuwa jepesi kulisema: je, mzizi mfupi ndio unaoshindwa kulisha jani hadi linakuwa njano, au jani la njano ndilo linaloshindwa kulisha mzizi, au ni jeni moja inayoharibu kazi juu na chini kwa wakati mmoja? Jibu lingepatikana kwa wembe na mpira wa vali. Unaweka kichwa cha njano juu ya mzizi wa kijani, na kichwa cha kijani juu ya mzizi wa njano, unasubiri uone nani anapona na nani hapana. Kazi hiyo inakula miche mingi, maana nusu inakufa mkononi. Jopo la maprofesa lilimpa hadi mwisho wa mwaka kuonyesha matokeo, la sivyo msaada wake wa masomo ungekatwa. Na wakati ule vita vilikuwa vimeshafika Kivu. Shamba la shangazi lilikuwa limebaki bila mtu, na shangazi mwenyewe hatukujua yuko wapi. Mbegu alizokuwa nazo Bahati ndizo zilizokuwepo duniani, basi.

Majira ya kuchipua alizipanda zote. Nilimwambia abakize kidogo kwenye friji, akasema jopo linataka hesabu kubwa, na kwamba miche ya njano itazaa mbegu nyingine. Hapo hakukosea kisayansi, niseme ukweli. Mche wa njano ulikuwa unazaa, polepole na kidogo, ukiwekwa kwenye kivuli, na mbegu zake zote zinatoa njano tupu. Ilitoka miche kama inavyotakiwa, wa kijani watatu kwa kila mmoja wa njano. Akahesabu, akafurahi, akaiweka ile ya njano chini ya wavu wa kivuli kama watoto wachanga, izae mbegu kwanza. Ile ya kijani ikabaki inachukua vyungu, na serre nzima ilikuwa inalilia vyungu.

Wiki hiyo hiyo kulikuwa na matanga Koekelberg, kitongoji cha hapa Bruxelles. Maman Mapendo, mwanamke wa Bukavu ambaye sote tulimfahamu kanisani, alikuwa amefiwa na binti yake, Neema, mtoto wa miaka sita. Alikufa kwa selimundu, ule ugonjwa wa damu ambao kwetu watu wanauita SS, unaomfanya mtoto alie mifupa usiku kucha. Alikuwa mtoto wake wa pili kufa hivyo. Wa kwanza alizikwa Bukavu. Mumewe, Papa Yakobo, alitangulia Ulaya na alikuwa na duka la vitambaa barabara ya Chaussée de Wavre, lakini hawakuwa wanaishi pamoja tena. Dada yake Yakobo, Tantine Odette, alikuwa amesema tangu zamani kwamba damu ya Mapendo ni mbaya na kwamba inakula watoto wa ukoo wao. Pale kwenye matanga alisema tena, kwa sauti, mbele ya watu na jeneza. Yakobo alikuwa anaangalia viatu vyake. Mimi nilikuwepo, na mpaka leo nikikumbuka naona uchungu.

Bahati naye alikuwepo, na moyo wake ukafanya kile ambacho moyo wa mtu wa Kivu hufanya. Wenye matanga wanakula nini katika nchi ya watu? Viazi na kuku wa friza. Kesho yake akapakua vyungu vyote vya maharage ya kijani, akaweka miche na udongo wake kwenye mifuko, akaipeleka Koekelberg kwa metro iwe mboga ya waombolezaji. Hakuna dawa yoyote tuliyokuwa tumeinyunyizia, alijua. Kwake ile miche ilikuwa imemaliza kazi, imeshahesabiwa. Nilipoona vyungu vitupu nilicheka, nikamwambia nyinyi watu wa Kivu mkiachwa mtakula maabara nzima.

Kicheko kilikwisha Julai. Jumapili moja ya joto kali mota ya madirisha ya paa ilikwama. Jumatatu asubuhi nilifungua mlango nikapigwa na hewa ya tanuri. Mahindi yalikuwa yamelegea, nyanya zimelegea, lakini tulipomwagilia vyote vilisimama tena, kwa sababu mizizi yao ilikuwa imefika chini ya chungu ambako unyevu ulibaki. Maharage ya njano hayakusimama. Mizizi yake haikuwa imefika popote, na majani yale hayavumilii jua. Yalikuwa yamekauka yote na kuwa meupe, na ganda hata moja halikuwa limekomaa. Bahati alifika, akatazama, akakaa chini kwenye sakafu ya maji na suruali yake nzuri. Nilikaa naye.

Ndipo nilipoanza kufikiri juu ya ile ya kijani. Mnajua nyinyi, lakini nieleze kwa atakayesoma bila kujua. Mche wa njano haupatikani mpaka upokee jeni mbovu kutoka pande mbili, upande wa chavua na upande wa yai. Ukipokea moja mbovu na moja nzima, unakuwa kijani kabisa, mizizi mirefu, afya tele, na hakuna jicho linaloweza kumtofautisha. Lakini anaibeba, na kwa kuwa harage hujichavusha lenyewe, mbegu zake zitatoa njano tena. Katika ndugu wa kijani waliotoka tumbo moja na wale wa njano, wawili katika watatu wanabeba. Jeni ile ilikuwa imefichwa ndani ya miche iliyoliwa kwenye matanga.

Nikamuuliza Bahati kama ni kweli yote ililiwa. Akasema, akiniita mjomba kwa Kifaransa, «Tonton, nilimupa Maman Mapendo sachet zote, mifuko yote. Kuuliza ni haya. Namna gani nitaenda kumuuliza mutu mwenye kufiwa kama alikula majani yangu?» Nikamwambia avae kiatu twende, mimi nitauliza, haya yangu niliiacha mpakani Kasumbalesa.

Maman Mapendo alikuwa anaishi kwa binamu yake, ghorofa ya pili, nyuma ya kanisa kubwa la Basilika. Alitupokea vizuri, akatupa chai, akatuuliza habari za wazazi wetu mmoja mmoja kama inavyotakiwa. Nilizunguka maneno kidogo, halafu nikauliza. Hakushangaa. Alinyanyuka akafungua mlango wa balkoni. Pale, kwenye ndoo za rangi za mwenye nyumba, yalikuwa yamesimama mashina saba ya maharage, manene, ya kijani kibichi, maganda yakining'inia.

«Majani tulikula,» alisema. «Lakini ile saba ilikuwa na mizizi muzuri, na udongo bado. Nilikuwa sina kitu cha kufanya na mikono. Bon, nikapanda.»

Bahati aligeukia ukutani akajifanya anatazama kalenda. Mimi nilibaki na kazi mbaya zaidi, maana maganda yale alikuwa ameshayapangia. Alitaka kuyachuma mabichi kwa misa ya kumkumbuka Neema, mwezi ule ule, awapikie watu chakula cha nyumbani kutoka mkono wake. Nilipaswa kumwambia asichume, aache yakauke mpaka Septemba, kisha atukabidhi yote. Nilisema hivyo, na nikaona jinsi uso wake ulivyofungika. Nikaeleza habari ya jopo, habari ya shamba la shangazi, na kwamba bila yale maganda kijana huyu angerudishwa kwenye vita bila kazi aliyoifuata. Mwishowe akasema siku ya misa atapika wali, na kwamba sisi tusiguse ndoo zake, atamwagilia mwenyewe. Alikuwa na sharti moja tu: mbegu zikiota, aje aone ni kitu gani kilikuwa na bei kubwa kuliko misa ya mtoto wake.

Kiangazi kile Bahati alikuwa anaenda Koekelberg kila wiki, anasema ni kuangalia maharage. Ukweli alikuwa anambebea mama yule maji na unga, na kukaa naye. Septemba Maman Mapendo alitukabidhi bahasha saba, kila shina na yake, kama nilivyomwomba. Tukapanda kila bahasha kwenye sinia yake. Sikulala vizuri siku zile, msicheke. Ingewezekana mashina yote saba yasibebe kitu, na mimi ndiye niliyemnyima Maman Mapendo maganda ya misa. Miche ilipoinua shingo, sinia mbili zilikuwa kijani tupu. Katika tano nyingine, katikati ya kijani, ilisimama ile ya njano, imepauka, wazi kabisa. Monsieur Armand, mtu asiyegusa watu, alimshika Bahati bega.

Niwamalizie upande wa sayansi. Tulipandikiza vuli yote, vidole vyetu vimejaa plasta. Kichwa cha njano juu ya mzizi mzima kilibaki njano. Kichwa cha kijani juu ya mzizi mfupi hakikuurefusha. Kila upande ulikuwa na kosa lake lenyewe, kutoka jeni moja ile ile, wala hakuna aliyemponza mwenzake. Jopo liliridhika na Bahati akabaki.

Lakini kilichobaki kwangu si jopo. Ni siku Maman Mapendo alipokuja kuona sinia zake. Alivaa nguo ya kanisa, akapita katikati ya meza akiwa ameshika mkoba wake kwa mikono miwili. Bahati akamwonyesha. Akaugusa mche wa njano kwa kidole kimoja.

«Alors, mulikuwa munatafuta mugonjwa?»

Bahati akasema ndiyo, Maman.

«Na mama yake ni ile yangu ya kijani? Ile ya balkoni? Ile haikuwa na ugonjwa. Nililala nayo, niliamuka nayo, haikuwa na kitu.»

Bahati akamweleza taratibu, kwa Kiswahili cha kwao, kwamba shina linaweza kuwa zima na bado libebe, bila lenyewe kujua. Na kwamba upande mmoja peke yake hauwezi kumzaa wa njano hata ukitaka; lazima na upande wa pili utoe yake. Mama yule alisikiliza akiwa amesimama wima. Kisha akauliza kama ni maharage tu, au na watu. Nikaona Bahati anaelewa swali lilikotoka.

«Na watu, Maman. SS ni vile vile. Mama anatoa yake, na baba anatoa yake. Mumoja peke yake hawezi.»

Daktari wa hospitali alikuwa amemweleza jambo hilo hilo siku ya msiba, mama yule alituambia, kwa Kifaransa cha haraka, mtoto amelala pale, na yeye hakusikia neno. Akavuta kiti akakaa. Alilia kwa sauti ndogo, nasi tulimwacha alie. Alipomaliza akajipangusa, akamwambia Bahati: «Utakuja Jumapili nyumbani kwa Yakobo. Utasema vile vile umesema hapa. Mimi nikisema, hawasikie.» Akaomba na sinia moja.

Kwa hiyo Jumapili ile mimi, mtu mzima, nilipanda metro na sinia ya maharage mapajani, nikashuka kituo cha Porte de Namur, nikapita Matonge nzima, mtaa wa Waafrika wa hapa, watu wakiniuliza ninauza bei gani. Nyumba ya Yakobo ilikuwa juu ya duka lake. Tantine Odette alikuwepo, amejaza kiti cha karibu na meza, na wengine wawili wa ukoo. Mimi na Bahati tulipewa viti. Mapendo hakupewa. Alisimama karibu na mlango na koti lake mwilini.

Bahati aliweka sinia mezani akasema yote, kijani na njano, chavua na yai, kisha damu. Tantine Odette akasema hayo ni mambo ya mboga. Yakobo alikuwa ameinama juu ya sinia. Aliupapasa mche wa njano, halafu wa kijani uliokuwa kando yake, akarudia hivyo mara kadhaa. Alipoinua kichwa alikuwa amezeeka.

«Donc, na mimi?» aliuliza.

«Na wewe, papa,» Bahati alisema. «Na hamukujua, mwote wawili.»

Yakobo akamgeukia dada yake.

«Odette, inuka,» alisema. «Inuka, muke wangu akae.»